Leva moja tu, na ndege iko chini

Siku hizi usingizi ukigoma nasoma ripoti za ajali za ndege zisizo na rubani, zile kubwa za kijeshi, siyo vidude vya kupigia picha. Mtu ungetegemea humo ukutane na makombora, wadukuzi, adui kajificha mlimani na mtambo wake. Wapi! Ni jenereta. Ni mota ndogo ya kusukuma bawa. Ni mtu kabadilisha kiti haraka haraka akasahau kuangalia mkono wake uko wapi.

Iliyonikaa kichwani kuliko zote ni ya Nogales, Arizona, 25 Aprili 2006. Hii ilikuwa ya walinzi wa mpaka wa Marekani, siyo ya jeshi, lakini ndege yenyewe ni Predator B, ndiyo hiyohiyo jeshi la anga linaiita Reaper, kwa hiyo kwangu naihesabu humohumo. Chumba cha kuongozea kina meza mbili zinazofanana kila kitu, moja ya rubani, nyingine ya mtu wa kamera. Meza ya rubani ikaganda. Hiyo haikuwa ajabu, zilikuwa zimeshaganda mara kadhaa huko nyuma, na utaratibu upo, unahamia meza ya pili. Sasa shida ni hapa, kuna leva moja ambayo meza ikiwa kwenye kazi ya kamera inafungua na kufunga mwanga wa lenzi, ila ukiibadilisha meza iwe ya rubani leva ileile inakuwa ya injini, na ukiivuta nyuma kabisa inakata mafuta. Cheklisti inasema kabla ya kuhama hakikisha leva za meza zote mbili zimekaa sawa. Rubani hakufuata, akahama, leva iko nyuma, injini ikazima.

Na yeye hajui! Yaani anaona tu ndege inashuka haishiki kimo na haelewi kwa nini, kwa sababu yuko chini kwenye kiti, hasikii injini imenyamaza, hasikii mtetemo umebadilika. Wakaamua wakate mawasiliano makusudi ili ndege yenyewe iingie kwenye mpango wake wa dharura, kwamba ikipotezana na watu wa chini ipande na izunguke kwenye njia iliyopangiwa. Wazo zuri kabisa, ila kupanda kunataka injini. Ndege imebaki na betri, ikaanza kuzima vitu kimoja kimoja kupunguza mzigo wa umeme, ikiwemo transponda, kile kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada, kwa hiyo hata waongoza ndege nao hawaioni tena, ikaendelea kuteleza hewani mpaka ikaanguka karibu na makazi ya watu wachache. Hakuna aliyeumia. Bodi ya uchunguzi wa ajali ya Marekani, NTSB, ikatoa mapendekezo 22, kwa ndege moja.

Ripoti ikisema "kosa la rubani" mimi nakuwa mgumu kukubali hivihivi. Ni kweli hakufuata cheklisti, sawa. Lakini nani aliyekaa akachora leva moja ifanye kazi mbili, moja ya kamera na nyingine ya kuua injini? Huyo jina lake halipo popote kwenye mstari wa chanzo cha ajali.

Halafu kuna takwimu za wizara ya ulinzi ya Marekani za 2003 ambazo zinaeleza mengi. Kwenye droni zao, asilimia 37 ya hitilafu zilikuwa za injini na umeme, 26 za mfumo wa kuongozea ndege, 17 za binadamu na mambo ya ardhini, 11 mawasiliano. Kwenye ndege za kawaida binadamu ndiye anayeongoza kwa mbali, huku ni vyuma. Na ajali kwa kila saa 100,000 za kuruka, F-16, ndege ya kivita yenye rubani ndani, ilikuwa kama 3 hivi, ila droni zao, Predator 32, Hunter 55, na Pioneer, kale kadogo ka wanamaji kenye injini ya tu-stroki, 334. Mia tatu thelathini na nne!

Sababu haijifichi. Ndege ya abiria ina kila kitu cha akiba, huyu akifa yule anashika. Droni ilitengenezwa iwe nyepesi na rahisi, na kila mara mtu akiuliza mbona hakuna ya pili jibu lilikuwa kwamba hakuna mtu ndani. Hunter zilianguka tatu mfululizo kati ya Agosti na Septemba 1995, mradi ukasimamishwa, kuja kuchunguza lawama kubwa ikaangukia mota za servo, zile ndogo za kusukuma bawa. Wakabadilisha, na muda wa wastani kabla ya servo kuharibika ukapanda kutoka saa 7,800 hadi 57,300. Hawakugundua teknolojia yoyote mpya, walinunua mota nzuri basi.

Ungedhani somo limeingia, ila miaka ishirini baadaye Reaper nazo zikaanza kudondoka kwa sababu ya jenereta. Jenereta ikifa betri inakupa kama saa moja, na kama uko mbali na uwanja ndiyo imeisha hiyo, unatafuta sehemu isiyo na watu uiangushe. Mwaka 2015 jeshi la anga la Marekani lilihesabu ajali kubwa 20 za droni. Ndipo wakaanza kuweka jenereta ya pili.

Mawasiliano ndiyo watu wengi wanayaogopa na kwa asilimia siyo makubwa hivyo, ila yakitokea yanatisha kivyake. Septemba 2009 Reaper iligoma kusikia amri juu ya Afghanistan, ikawa inaelekea kutoka nje ya nchi na silaha zake, wakatuma ndege ya kivita, F-15E, ikaipiga, ndege yao wenyewe. Mwaka uliofuata, Agosti, helikopta ya wanamaji isiyo na rubani, Fire Scout, ilipoteza mawasiliano ikaingia anga iliyozuiwa karibu na Washington kabla hawajaipata tena. Ilitakiwa irudi nyumbani yenyewe, programu ikakosea.

Kutua nako ni balaa lake. Kupitia setilaiti picha na amri zinachelewa karibu sekunde mbili, ndiyo maana kuna timu nyingine pale uwanjani ya kurusha na kutua, halafu inamkabidhi rubani aliyeko bara lingine. Jeshi la nchi kavu liliamua droni zake, Gray Eagle, zitue zenyewe kwa kompyuta, jeshi la anga likang'ang'ania rubani atue kwa mkono miaka na miaka. Nadhani hapo kulikuwa na kiburi kidogo cha marubani, lakini hayo ni maneno yangu.

Hii ya "hakuna mtu ndani" ndiyo inayonikera hasa. Mei 2011 Predator ilianguka kwenye kitongoji cha Djibouti, mjini kule, maana droni zilikuwa zinatumia uwanja mmoja na ndege za abiria. Ndani kweli hakukuwa na mtu. 2013 zikahamishiwa Chabelley, uwanja wa jangwani nje ya mji, na kwa nilivyosoma serikali ya Djibouti ndiyo ilikuwa na wasiwasi zaidi kuliko waliozirusha.

Bado sijafika kwenye ile ya Kabul 2004, droni ya Wajerumani, Luna, iliyopishana kidogo tu na Airbus ya Ariana, shirika la ndege la Afghanistan, yenye abiria. Nataka niisome taratibu, hasa sehemu ya nani alitakiwa amwone nani.