Siku niliyokosea mguu

Ilikuwa Februari 2016, Lexington, Kentucky, baridi ya kukata masikio. Nilikuwa na miezi mitano tu katika ukalimani wa hospitali. Mgonjwa wa asubuhi ile alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Fizi, Kongo, aliyeishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kasulu, Tanzania, kabla ya kuletwa Marekani. Hata wiki mbili alikuwa hajamaliza. Vyeti vyake bado vilikuwa kwenye ule mfuko mweupe wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, ameukumbatia kifuani.

"Mguu unaniuma, mwanangu."

Kiingereza kina neno la mguu mzima, na neno jingine la kuanzia kifundo kwenda chini. Sisi tuna mguu tu, toka nyonga hadi vidole. Nilitaja lile la chini, bila kumuuliza.

Daktari akamvua soksi. Akabonyeza vidole, akazungusha kifundo, akauliza kama alianguka. Hakuanguka. Basi akaanza kujaza karatasi ya eksirei. Muda wote huo mkono wa yule mama ulikuwa ukisugua kigimbi, taratibu, juu ya kitenge.

Nilipouona, moyo ulinipasuka. Mle chumbani mkalimani hana sauti yake: mgonjwa akisema "naumwa," nami nasema "naumwa." Nikiwa na langu la kusema, sharti nijitaje kwa kazi yangu. Nikasema, "Mkalimani anaomba kurekebisha. Mkalimani alikosea neno." Kisha nikamgeukia mwenyewe, maana ni haki yake kujua kila linalosemwa mbele yake: "Mama, nimemwambia daktari kwamba nilikosea, nilitaja chini ya kifundo. Tuonyeshe kwa mkono panapouma."

Akainua kitenge, akakunja suruali aliyovaa ndani kwa ajili ya baridi. Kigimbi cha kushoto kilikuwa kimevimba kuliko mwenzake, ngozi imetanuka hadi inang'aa. Daktari aliweka kiganja pale, akauliza alikaa kwenye ndege kwa muda gani.

"Tulilala mle, tukaamka mle, tukalala tena."

Karatasi ya eksirei ikawekwa kando. Ultrasaundi ikaonyesha damu imeganda kwenye mshipa wa ndani. Daktari akaeleza kwamba bonge lile likimeguka linaweza kupanda hadi kwenye mapafu na kuua. Niliitafsiri sentensi ile yote, ulimi mzito. Hata leo nikiikumbuka karatasi ile iliyojazwa nusu, mwili hunisisimka.

Nesi alikuja na sindano ya kuzuia damu isizidi kuganda, akataka kumchoma tumboni. Mama akamshika mkono.

"Ngoja kwanza. Mguu wangu ndio unauma, mbona sindano inakwenda tumboni?"

Nikamfikishia nesi swali lile kama lilivyotoka, kwa nafsi ya mwenyewe, na safari hii kwa neno la mguu mzima. Nesi akaiweka sindano kwenye sinia, akavuta kiti karibu na kitanda, akaanza kumweleza.