Meza imeinama, jamani
Jana usiku Sinza, mimi na washkaji watatu tumebuni mchezo wetu. Meza ya pool ina mashimo 6: yale manne ya pembeni kila mtu kapewa lake, mawili ya katikati tukayaita "ya umma". Mpira ukizama shimoni kwako, unapiga funda. Ukizama la umma, tunakunywa wote. Ukitumbukiza mweupe, unamaliza glasi. Mweusi? Aliyeuzamisha ananunua raundi.

Kumbe ile meza imeinama upande wangu! Hata mpira uliopigwa kizembe unajikokota taratiiibu, unasita mdomoni mwa shimo, halafu chubwi. Mhudumu anacheka tu. Leo nimeamka na chaki ya bluu masikioni, sijui imefikaje. Ijumaa tunarudia, ila tunapiga kura ya mashimo upya.