Jinsi nilivyoingiza tabianchi kwenye fomu ya bajeti

Sehemu kubwa ya utumishi wangu serikalini imekuwa kwenye sera za kuhimili mabadiliko ya tabianchi. Tangu mkutano wa Cancún wa 2010 uanzishe utaratibu wa mipango ya taifa ya kuhimili, na Mkataba wa Paris wa 2015 ulipe suala hili kifungu chake cha 7, hati hazijapungua. Kazi ngumu ni kuzifikisha pale fedha zinapogawanywa.

Wenzetu wa fedha walinisikiliza kwa heshima, kisha jibu likawa lile lile: "Dada, hilo ni la mazingira, watafutwe wafadhili." Basi nikaacha kuwatajia lengo la kuzuia joto la dunia lisipande zaidi ya nyuzi 1.5. Nikaenda kukaa na wahandisi wa barabara, nikawauliza ukubwa wa kalavati, yaani bomba la kupitisha maji chini ya barabara, wanaupataje.

Wakanifungulia mahesabu yao. Wanachukua rekodi za mvua za miaka iliyopita, wanakadiria mvua kubwa inayotarajiwa mara moja katika miaka 25, kisha wanachagua kipenyo cha kupitisha maji hayo. Hesabu imenyooka, ila inaamini kwamba mvua ijayo itafanana na iliyopita. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, kwa hiyo mvua iliyohesabiwa kuwa ya nadra huja mara nyingi zaidi.

Tukafungua na vitabu vya matengenezo. Vivuko vile vile, pale barabara inapokatiza mikondo ya maji, vilikuwa vinarudi kutengenezwa, kila mara kwenye fungu la dharura, ambako hakuna anayeuliza chanzo. Hapo ndipo wa fedha walipoinua vichwa.

Sikuomba fungu jipya. Niliomba swali moja liongezwe kwenye fomu ya kuombea fedha za mradi: usanifu huu umetumia takwimu za mvua za kipindi gani, na umezingatia makadirio ya mbele? Wahandisi walihofia gharama, na hofu yao ilikuwa ya haki. Tukakubaliana kuanza na vivuko ambavyo vikikatika, wagonjwa hawafiki hospitali.

Kwa anayeanza kazi hii, naomba sana: ijue kalenda ya bajeti. Ukileta hoja baada ya ukomo wa bajeti, yaani kiwango cha juu cha fedha ambacho kila taasisi inaweza kupangiwa, kutangazwa, umechelewa mwaka mzima, hata ungekuwa na ushahidi kiasi gani.

Siku hizi fomu zisizo na jibu la swali lile zinarudishwa na maofisa wa bajeti wenyewe, bila mimi kuwa kikaoni.