Mtoe Nje

Filamu ya kwanza ya majambazi niliyopewa kuandikia sabtaito za Kiswahili, nilichemsha. Bosi anamwambia kijana wake, "take him out." Ilikuwa saa nane usiku, macho mazito, nikaandika: "Mtoe nje." Sekunde mbili baadaye jamaa anapigwa risasi palepale kwenye kiti.

Tangu hapo nina daftari la maneno ya Kiingereza yanayoua kwa sauti ya chini. Misimu ya vijana hainisumbui. Wao kipigo wanakidaka, "catch these hands", sisi tunakila: utakula ngumi. "Beef" tulishaichukua nzima nzima, ni bifu. Hata "unalive", kitenzi walichobuni watu wa mitandaoni wakihofia kwamba wakiandika "kill" video zao zitafichwa, kinaeleweka. Wanaikimbia mashine tu.

Wanaonitoa jasho ni wenye suti na magwanda. "Friendly fire" ni askari kuuawa na wenzake, ila ukiisikia utadhani watu wanaota moto. Mwaka 1950 mwandishi wa habari alimuuliza Rais Truman wa Marekani kama vita vya Korea vinaweza kuitwa "police action", yaani operesheni ya polisi tu, naye akakubali. Kwenye operesheni hiyo walikufa Wamarekani zaidi ya 36,000, Wakorea usiseme.

Lililonikalisha zaidi ni "officer-involved shooting", pendwa la polisi wa Marekani. Tukio la risasi lililomhusisha askari. Kahusika vipi? Kapiga au kapigwa? Nikiandika "alipiga", nimeshamtaja. Nikiandika "alipigwa", msomaji anauliza na nani. Nikijificha kwenye nomino, sentensi inanuka ofisi na hakuna mtu anayeongea hivyo. Nilikaa na mstari huo mmoja jioni nzima, mwishowe nikaandika "askari amempiga mtu risasi." Mteja akairudisha: eti nimeongeza maneno.

Na tusijifanye watakatifu. Sisi tuna "wamemshughulikia", na kila mtu anajua huyo hakupelekewa uji.

Ile filamu niliirekebisha. Niliweka "muue", mhariri akacheka, akasema bosi wa majambazi haongei kama karani wa mahakama. Tukabishana kwa simu karibu nusu saa. Ukiitazama leo utakuta "mmalize."