Sekunde 90 kabla ya maktaba kufunguka

Mwaka 2019 nilikuwa nahudumia kompyuta za chuo kimoja Morogoro, na mashine niliyoijali kuliko zote ni ile ya maktaba. Ilikuwa mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu (hapa VirtualBox) ndani ya kompyuta nyingine, ikitumia mfumo wa Debian, aina ya Linux, imebeba Koha, programu huria ya maktaba iliyoanzia New Zealand. Orodha ya vitabu na kumbukumbu za waazimaji vilikuwa humo.

Diski yake ya GB 20 ilijaa, ikaongezwa hadi GB 40. Patisheni (kipande cha diski) ya swapu, nafasi inayosaidia kumbukumbu ya RAM inapojaa, ilikuwa imekaa katikati, mbele yake mfumo, nyuma yake nafasi mpya, na patisheni haiwezi kumruka jirani. Fundi mwenzangu akaifuta swapu, akaupanua mfumo, akaunda swapu nyingine mwishoni kabisa. Hakuna data iliyopotea. Ila tangu hapo, kila umeme ukikatika na kurudi, mashine ilichelewa kuwaka. Mkutubi akanipigia: "Mwanangu, njoo uione. Wanafunzi wamepanga foleni hadi mlangoni."

Nilipofika nilimwamkia mama, nikaiwasha upya na kukaa mbele ya kioo. Giza la muda, kisha nyota nyekundu zikaanza kwenda kushoto na kulia, pembeni saa ikihesabu kuelekea dakika moja na nusu. Mstari huohuo ulitaja UUID, namba ya utambulisho, ya kifaa kinachosubiriwa. Nikanakili herufi zake za mwanzo kwenye karatasi. Muda ulipoisha, mfumo ukaendelea. Nikaandika blkid, amri inayoorodhesha UUID za patisheni: hakuna yenye UUID ile. Nikaandika free -h, inayoonyesha kumbukumbu iliyopo: swapu sifuri. Hilo lilinitia hofu kuliko foleni, maana Koha na hifadhidata yake, MariaDB, zilikuwa zinategemea RAM pekee, na siku ikijaa, hifadhidata ingeweza kuuawa katikati ya kazi.

Swapu ikiundwa upya hupewa UUID mpya, na /etc/fstab, faili linaloorodhesha patisheni za kutumika mashine ikiwaka, ilikuwa bado na ile ya zamani. Kwa kawaida systemd, programu inayowasha huduma zote za mfumo, hukisubiri kifaa kilichoandikwa humo kwa sekunde 90. Nikaweka UUID sahihi, nikaandika swapon -a kuiwasha swapu, nikawasha upya. Nyota hazikuonekana tena.

Giza la mwanzo, hata hivyo, lilibaki palepale, kama nusu dakika. Naamini wengi huishia hapa na kusema inatosha. Mimi sikuridhika. Amri ya systemd-analyze blame, inayopima muda wa kila huduma, haikuonyesha huduma yoyote ya kulaumiwa; muda wote ulihesabiwa upande wa kaneli, kiini cha Linux. Maana yake kuna kitu kilikuwa kinasubiri kabla systemd yenyewe haijaamka. Alikuwa initramfs, mfumo mdogo wa muda unaotangulia kuwaka: naye huitafuta swapu, kwa kudhani huenda mashine ilizimwa kwa kulazwa na hali yake imehifadhiwa humo. UUID ya zamani ilikuwa kwenye /etc/initramfs-tools/conf.d/resume. Nikaibadilisha, nikaandika update-initramfs -u ili iundwe upya, nikawasha tena, na ukurasa wa Koha ukafunguka mama akiwa bado ananieleza habari za vitabu vilivyocheleweshwa.

Jioni nilikaa na mwenzangu, tukaandika utaratibu wa mashine zilizobaki: swapu mpya iundwe kwa mkswap -U, ipewe UUID ileile ya zamani, ili mafaili yote mawili yasiguswe kabisa. Wiki iliyofuata tulianza na mashine ya wahasibu.