Usiku Torres alipomzunguka Valdés
Mimi ni Liverpool, na kwa zaidi ya mwaka mzima sikuwa nikimtaja Fernando Torres kwa jina. Nilimwita "yule". Mtu ametufungia magoli 81, halafu Januari 31, 2011, siku ya mwisho ya usajili, anakwenda Chelsea kwa pauni milioni 50! Jezi yangu namba 9 ya mtumba niliigeuza tambara la kupigia deki.

Raha ikawa kumwona akihangaika. Septemba ile pale Old Trafford alimzunguka De Gea, kipa wa Manchester United, lango likabaki tupu, akapiga nje. Nilicheka mpaka nikapaliwa.

Basi Aprili 24, 2012 nikalipa kiingilio kibanda umiza cha Mwananyamala kuishangilia Barcelona. Ilikuwa marudiano ya nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, na Chelsea walikuwa wanaongoza 1-0 kutoka London. Mabati bado yana joto la mchana, feni moja tu, nayo imeelekezwa kwa mwenye banda. Busquets akaifungia Barcelona, Terry wa Chelsea akala nyekundu kwa kumpiga Sánchez goti kwa nyuma, Iniesta akaongeza la pili. Nikaagiza kahawa na kashata kwa kujidai. Kabla ya mapumziko Ramires wa Chelsea akambetulia kipa Valdés mpira juu ya kichwa na hesabu zote zikageuka: sare ya jumla, na enzi hizo goli la ugenini ndilo lililoamua, Chelsea wanapita. Mapumziko yalipokwisha, Messi naye penalti akagonga mwamba.

Kipindi hicho cha pili Drogba, mshambuliaji wa Chelsea, alicheza kama beki. Dakika ya 80 akatoka, akaingia yule. Fundi cherehani mmoja, Chelsea damu, akashika kichwa: "Jamani, tulikuwa kumi, sasa tumebaki tisa." Banda zima likaangua kicheko, na wenzake wa Chelsea ndio waliocheka zaidi.

Dakika za nyongeza mpira ukabutuliwa tu kutoka nyuma, ukamkuta Torres peke yake, Barcelona wote wamepanda. Nusu ya uwanja ni yake na Valdés. Kelele zikakatika ghafla. Nadhani kila mmoja alikuwa anaiona ile ya Old Trafford. Akakimbia, akamzunguka kipa, lango tupu tena. Safari hii akasukumia ndani.

Nilijikuta juu ya benchi napiga mayowe, fundi kanikumbatia, kahawa yangu yote imeishia mgongoni kwake. Kijana wa Barcelona akanivuta suruali: "Kaka, wewe timu gani?"

"Huyu mtoto wetu," nikamjibu.

Habari ilifika kijiweni kabla yangu. Wenzangu wa Liverpool wakanipiga faini ya soda kwa usaliti, nikalipa za watu wote. Machi 2015 Torres alirudi kwetu Anfield kwenye mechi ya hisani ya Gerrard na Carragher, uwanja mzima ukampigia makofi. Soda zangu hawajarudisha mpaka leo.