"Sista, mchome tu alale": ninavyopokea mgonjwa aliyeletwa kwa nguvu

Kila nesi wa wodi ya akili hapa Dar ameombwa hivyo, na mara nyingi anayeomba ni mama au kaka aliyekuja na mgonjwa kwenye bajaji, mikono imefungwa kamba ya manila kwa nyuma. Siwalaumu, wengi hawajalala siku kadhaa. Ila ombi la ndugu si ridhaa ya mgonjwa.

Naanza na kamba, tena kabla ya karatasi yoyote. Ikikaa muda mrefu inazuia damu na kuumiza neva, kwa hiyo naangalia rangi na ubaridi wa vidole, halafu namwomba akunje ngumi. Michubuko naiandika pale pale: iko wapi, ina sentimita ngapi. Ukiiacha, kesho itaonekana ameumizwa wodini. Kisha napima joto, presha na sukari. Malaria kali, sukari iliyoshuka au kuacha pombe ghafla vinaweza kumfanya mtu apayuke na kupigana, na ukimlaza kwa sindano umeuficha ugonjwa wenyewe.

Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inamtofautisha anayelazwa kwa hiari na anayelazwa bila hiari yake. Wa hiari anaweza kukataa dawa na kuomba kuondoka. Akiomba, simfungii geti. Namwita daktari ampime upya, na ikionekana kuna sababu ya kumzuia, taratibu za kisheria zianze. Kosa la kawaida ni faili kusema "hiari" huku mgonjwa amefungiwa ndani; hapo hakuna karatasi itakayokutetea.

Sindano bila ridhaa hutolewa tu pakiwa na hatari iliyopo sasa hivi, kwake au kwa wengine, na kwa agizo la daktari. Usumbufu peke yake hautoshi. Kwanza nampa nafasi ya kumeza kidonge. Ikishindikana, agizo la kawaida ni haloperidoli, dawa ya kutuliza ugonjwa wa akili, miligramu 5, pamoja na promethazini, dawa inayoleta usingizi, miligramu 25 au 50, kwenye msuli. Diazepamu, dawa nyingine ya kutuliza, siipendi kwenye msuli, inafyonzwa bila mpangilio. Ikitolewa kwenye mshipa iende polepole, jicho likiwa kwenye pumzi. Washikaji ni watano: mmoja kwa kila mkono na mguu, mmoja kichwani, na huyo wa kichwani ndiye anayeongea na mgonjwa. Halazwi kifudifudi, wala hakaliwi mgongoni, maana hufa kwa kukosa hewa wakati watu wanadhani ametulia. Saa ya kwanza napima pumzi, mapigo, presha na fahamu kila dakika 15.

Ndugu nawaambia mapema kwamba shingo inaweza kupinda na macho kupanda juu, hasa kwa vijana wa kiume. Hayo ni madhara ya haloperidoli na yana dawa. Wasipojua, watasema majini wamepanda.

Ikibidi kumfunga, natumia kitambaa kipana ambacho vidole viwili vinapita chini yake. Nakilegeza kiungo kimoja kimoja, nampa maji, nampeleka chooni, na sababu ikiisha namfungua. Kumfunga kwa sababu zamu ina watu wachache ni adhabu, hata kama tunaiita usalama.

Kwenye faili siandiki "mkorofi". Naandika: "Saa 8:20 usiku amerusha kiti dirishani, amekataa kidonge mara mbili, daktari wa zamu ameitwa." Maelezo ya namna hiyo yanasomeka hata mahakamani.

Aliyejaribu kujiua ana ugumu wake, kwani kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu tendo hilo kuwa kosa. Naandika nilichokiona na alichosema kwa maneno yake, bila kuongeza hukumu. Askari akija na maswali, namwelekeza kwa daktari kiongozi, na mgonjwa haachwi peke yake.

Siku ya kuruhusiwa huja ombi jingine: tumtilie dawa kwenye uji? Nakataa. Akibakiza nusu bakuli hujui amepata kiasi gani, na akigundua ataacha kula nyumbani kabisa. Ninachofanya ni kukaa na mgonjwa mwenyewe na kumuuliza kama angependa sindano ya mara moja kwa mwezi badala ya vidonge. Wengi wanaokataa vidonge huchoshwa na kuvimeza mbele ya watu, na sindano wanaikubali.

Bosi akipiga simu kuuliza mfanyakazi wake anaumwa nini, simthibitishii hata kama yupo wodini.